Tumeshinda, wamefungwa

Mpwa wangu alishalala mechi inaisha. Asubuhi akatoka chumbani na jezi mwilini, ile ambayo namba ya mgongoni imeanza kubanduka, akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa.

"Mjomba, jana ikawaje?"

Nikamjibu macho yangu yakiwa kwenye simu. "Wamefungwa nne bila."

Akaruka juu. "Nne! Safi sana!"

Ikabidi niinue kichwa. Mtoto wa miaka tisa anashangilia mbele yangu kwa moyo wote na mimi ndo niliyempotosha, manake yeye kasikia "wamefungwa" akajua hao ni wapinzani, angejuaje vinginevyo. Nikamwambia hapana, ni sisi. Furaha ikamtoka usoni taratibu, halafu akauliza kitu ambacho kimenikaa kichwani wiki ya tano sasa.

"Sasa mbona umesema wamefungwa? Wiki ile si ulisema tumeshinda?"

Sikuwa na jibu.

## Herufi mbili

Sitaitaja timu yangu humu, kwa sababu nikiitaja tu mazungumzo yatahamia huko, tutaanza kuhesabiana makombe, na mi nataka tuongee kitu kingine.

Tangu asubuhi ile nimekuwa najisikiliza. Kiswahili hakikupi pa kujificha kwenye hili jambo, huwezi kusimulia mechi bila kuchagua unakaa wapi, kwa sababu mtu amekaa palepale mwanzoni mwa neno: tumeshinda, wametolewa, tumesawazisha, wamechapwa. Kabla hujafika hata kwenye matokeo ushasema wewe ni nani.

Basi siku moja usiku nikaingia kwenye grupu letu la mpira nikaanza kupanda juu, nasoma meseji zangu mwenyewe tu, miezi kama mitatu nyuma. Kila tuliposhinda nimeandika "tu". Tumewakalisha, tumetisha, tunaongoza ligi. Sare moja ambayo tulirudisha goli dakika za lala salama nimeandika "tumepambana". Sare nyingine, hiyo tulirudishiwa sisi, nimeandika "wamezubaa". Na vipigo vyote, chote kimoja kimoja, ni "wa". Hawajitumi. Wamenichosha. Hawana timu hawa.

Hawa.

Nimesoma hilo neno mara nyingi usiku ule. Ni mimi ninayejiita kindakindaki, ninayewaambia watu nilianza kuipenda hii timu kabla sijajua kusoma, na wiki ikiwa mbaya naandika kama jirani aliyesimama nje ya uzio anaangalia nyumba ya watu ikiungua.

Nilidhani ni tabia yangu tu, kumbe watu walishalichunguza zamani. Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili. Walikwenda kwenye vyuo vikuu saba ambavyo vina timu za mpira ule wa Kimarekani, na kila Jumatatu wakawa wanahesabu darasani wanafunzi wangapi wamevaa nguo zenye jina au nembo ya chuo. Timu ikishinda wikiendi, nguo zinaonekana nyingi. Ikifungwa, zinapungua. Halafu wakawapigia wanafunzi simu wakawaomba wasimulie mechi fulani iliishaje, na kwenye ushindi watu wakasema "sisi" zaidi kuliko kwenye kipigo.

Kuna sehemu moja ya ule utafiti ilinigusa kuliko hizo. Kabla ya kuulizwa habari za mechi, wanafunzi walipewa kwanza maswali ya kujibu, halafu wengine wakaambiwa wamefanya vizuri na wengine wakaambiwa wamefanya vibaya. Walioambiwa wamefanya vibaya ndo tofauti yao ilikuwa kubwa zaidi. Yaani mtu akishajiona mdogo siku hiyo, anaing'ang'ania timu iliyoshinda na anaikimbia iliyofungwa.

Nikafikiria siku zangu mbaya kazini na namna ninavyoisubiri Jumamosi. Nikanyamaza.

Kitu kingine, jezi. Asubuhi ile ya nne bila, mtoto alivaa yake kabla hajajua matokeo, na alipojua hakuivua, akatoka nayo kwenda kucheza. Ya kwangu niliikunja usiku uleule nikaiweka chini ya nguo zingine. Hakuna aliyeniambia niifiche.

## Dakika ya 87

Sasa hapa ndo mashaka yalipoanza, kwa sababu jibu la haraka la swali la shabiki wa kweli ni nani, wote tunalijua: ni yule anayebaki. Timu inashuka daraja yupo, inapigwa tano yupo, mvua inanyesha yupo. Nimelisema hilo jibu maisha yangu yote na sioni kama ni la uongo. Ila nilipoanza kulipima likawa linateleza mkononi.

Chukua Manchester City. Leo mtu akisema anaishabikia anaambiwa amefuata hela, na wengi wanasahau kwamba msimu wa 1998/99 ile timu ilikuwa daraja la tatu. La tatu. Na uwanjani kwao walikuwa wanaingia kwa wastani watu zaidi ya 28,000 kuangalia mpira wa daraja la tatu, huku majirani zao wa mji uleule wakichukua makombe matatu makubwa msimu huohuo. Mwisho wa msimu, tarehe 30 Mei 1999, wakafika Wembley kucheza na Gillingham mechi ya mwisho ya mchujo wa kupanda. Siku nne kabla yake, Manchester United walikuwa wamebeba kombe la Ulaya.

Gillingham wakafunga dakika ya 81. Wakaongeza la pili dakika ya 87.

Na watu wakaanza kutoka.

Hawa ninaowasema ndo walewale waliovumilia msimu mzima wa daraja la tatu, ndo wananyanyuka wanashuka ngazi kabla mpira haujaisha, na sidhani kama yupo mtu mwenye haki ya kuwaita feki. Walikuwa wameumia. Dakika ya 90 Kevin Horlock akarudisha moja, wengine wakasikia kelele wakiwa nje wakageuza mbio, na dakika ya 95 Paul Dickov akafunga la kusawazisha, mechi ikaenda penati, City wakapanda.

Mi, kwenye ile nne bila yetu, nilizima TV goli la tatu lilipoingia. La nne nimelijua kwa simu. Wiki ya kwanza nilidhani hilo ndo kosa langu, kwamba ningekaa mpaka filimbi ya mwisho ningekuwa na amani. Lakini nikimfikiria yule mtu anayeshuka ngazi za Wembley dakika ya 87, naona alitoka kwa sababu yale magoli yalikuwa yake. Ukimsimamisha pale ngazini ukamuuliza vipi, nina hakika angekwambia "tumekwisha". Asingekwambia "wamekwisha".

Kumbe unaweza kuondoka uwanjani na "sisi" yako ukaondoka nayo. Na unaweza kukaa mpaka mwisho umekunja mikono, huku ulishajitoa tangu goli la kwanza.

## Walioondoka kabisa

Halafu kuna habari ya Wimbledon, na hii naomba univumilie nikae nayo kidogo, manake ndo iliyonivuruga zaidi.

Klabu ya Wimbledon ilianzishwa 1889. Mwaka 1988 ilichukua kombe la FA kwa kuifunga Liverpool moja bila, timu ndogo kabisa dhidi ya wakubwa wa wakati ule. Baadaye ikahama uwanja wake wa Plough Lane, ikawa inatumia uwanja wa wenzao, na wenye klabu wakaanza kutafuta pa kuipeleka. Tarehe 28 Mei 2002 tume ya watu watatu iliyowekwa na chama cha soka cha England ikaruhusu klabu ihamishwe kutoka kusini mwa London kwenda Milton Keynes, mji ulio umbali wa kama kilomita 90. Wachezaji walewale, nafasi ileile kwenye ligi, jina lilelile kwa muda, ila mji mwingine.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kwa ile sheria yangu ya "anayebaki", shabiki wa kweli angeifuata timu Milton Keynes. Timu ni timu. Wengi wao hawakwenda. Ndani ya wiki chache wakaanzisha klabu yao mpya, wakaiita AFC Wimbledon, wakatangaza majaribio ya wazi kwenye uwanja wa umma, mwezi wa sita mwaka uleule, wakaja wachezaji zaidi ya 200 kujaribu bahati. Wakaingia ligi ndogo ya huko chini ambayo watazamaji wake kwa kawaida unaweza kuwahesabu kwa kichwa. Na msimu huo wa kwanza waliokuwa wanakuja kuwaangalia wao, kwa wastani, walikuwa wengi kuliko waliokuwa wanaenda kuiangalia ile klabu ya zamani iliyokuwa bado daraja la pili.

Wakapanda, wakapanda tena. Mwaka 2011, baada ya misimu tisa, wakarudi kwenye madaraja ya kulipwa. Mwaka 2020 wakarudi Plough Lane, uwanja mpya hatua chache kutoka pale ulipokuwa wa zamani, wakafungua bila mtu jukwaani kwa sababu ya korona.

Nimesoma hii habari mara nyingi na kila nikiisoma najiuliza nani alihama pale. Walioacha kwenda uwanjani au klabu yenyewe? Kwenye makaratasi mashabiki ndo waliiacha timu. Mi naona mashabiki walibaki palepale walipokuwa, na kitu kilichokuwa na jina lao ndo kikasombwa na gari.

Baada ya hapo siwezi tena kusema uaminifu ni kubaki. Kubaki na nani? Na mmiliki? Na wachezaji, ambao kila dirisha la usajili wanabadilika? Na kocha? Na nembo, ambayo wataalamu wa biashara wakiamka vibaya wanaichora upya? Ukivitoa hivyo vyote kimoja kimoja, kinachobaki ni watu wanaosema "sisi".

Kwa hiyo na wale wanaosema shabiki wa kweli haikosoi timu yake, siwaelewi. Mtu anayepiga kelele kwamba uongozi unatuua, usajili huu ni wa hovyo, kocha amefika mwisho wake, huyo bado kasema "unatuua". Yumo ndani. Ninayemwogopa ni yule wa "hawana timu hawa", na huyo ni mimi.

## Hujawahi hata kufika uwanjani kwao

Hili wengi mnalijua, mmeshaambiwa. Unaipenda timu ambayo uwanja wake umeuona kwenye kioo tu, hujawahi kukanyaga nyasi zake, wachezaji hawakujui, wewe usipokuwepo hawakosi kitu. Sasa "sisi" yako inatoka wapi?

Zamani lilikuwa linaniuma. Siku hizi kidogo.

Tarehe 27 Desemba 2001 Racing Club ya Argentina ilikuwa inahitaji pointi moja tu kuchukua ubingwa wa ligi ambao hawakuwa wameuona kwa miaka 35. Miaka isiyofika mitatu kabla, Machi 1999, walikuwa wameambiwa hadharani kwamba klabu yao haipo tena kwa sababu ya madeni. Mechi ya ubingwa ilichezwa kwenye uwanja wa watu. Uwanja ule ukajaa mashabiki wa Racing, na wakati huohuo uwanja wao wenyewe, ambao hakukuwa na mechi yoyote, nao ukajaa. Watu wamekaa jukwaani kwao wanafuatilia mechi inayochezwa kwingine. Ikaisha moja moja, wakawa mabingwa, na viwanja viwili vikalia pamoja.

Wale waliokaa kwenye uwanja usio na mechi walikuwa wapi? Walikuwa na wenzao. Nadhani na sisi wa mbali ndo tulipo. Sidai kwamba aliyezaliwa mtaa wa uwanjani na mimi tuko sawa, hapana, yeye klabu ikifa anapoteza kitu ambacho mimi sitakipoteza, na nadhani wa mbali tunatakiwa kulikumbuka hilo tunapopiga kelele kwamba mechi zisogezwe muda tuone vizuri. Ila umbali peke yake haumfanyi mtu awe wa uongo. Nimewaona wa karibu wakihama na wa mbali wakilia.

## Nne bila nyingine

Nikamaliza kusoma hayo yote bado sina cha kumwambia mtoto. Halafu nikakumbuka Union Berlin, klabu ya Ujerumani.

Hawa ni wale ambao uwanja wao ulipohitaji kukarabatiwa na hela hakuna, mwaka 2008 na 2009, mashabiki zaidi ya 2,000 wakaingia na makoleo wakaujenga kwa mikono yao, kama saa 140,000 za kazi ya bure. Miaka kumi baadaye, 2019, wakapanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mara ya kwanza. Mechi ya kwanza, tarehe 18 Agosti, nyumbani, na RB Leipzig.

Siku hiyo watu waliingia uwanjani na picha. Picha kubwa za nyuso, zaidi ya 450, za mashabiki wenzao waliofariki kabla hawajaiona hiyo siku. Baba za watu, wake, marafiki wa jukwaani. Wakazinyanyua juu, kila mmoja na wake, ili nao wawepo.

Wakafungwa nne bila.

Nne bila, kama sisi. Nikajaribu kumfikiria mtu aliyeshika picha ya baba yake pale jukwaani, goli la nne limeingia, mikono imechoka, halafu anatoka nje anakutana na mtu anamuuliza matokeo. Hawezi kusema "wamefungwa". Ataisemaje hiyo na baba yake kamshika kwapani?

Hapo ndo nilipoelewa nilichokuwa nakifanya. Kila ninaposema "wa" baada ya kipigo, siwatupi wachezaji, wachezaji hawanisikii. Ninaowatupa ni walio karibu yangu. Kaka yangu mkubwa aliyenikalisha pembeni yake nikiwa mdogo, kwenye redio, akanifundisha majina ya kikosi kizima. Wenzangu wa kwenye grupu ambao nao usiku ule walikuwa wameumia. Na mtoto wa miaka tisa, ambaye timu hii hakuichagua, mimi ndo nilimvalisha jezi akiwa hajui hata kuvaa viatu, halafu siku ya kuumia nikamwacha humo peke yake.

Hilo la kwamba hakuichagua nalo limeniuma. Nilimkalisha chini wiki iliyopita nikamwomba msamaha kwanza kwa ile asubuhi, nikamwambia nilikosea, tulifungwa, tuseme tu tulifungwa. Akasema sawa. Halafu akaniambia rafiki zake karibu wote wako timu nyingine, ile inayoongoza ligi, na wanamsumbua. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, mtu akihama ni vibaya?"

Zamani ningejibu kabla hajamaliza. Nilikaa kimya muda mrefu. Nikamwambia mimi sihami, na nikamwambia kwa nini, nikamwambia habari za zile picha. Lakini nikamwambia pia kwamba mimi ndo nilimvalisha, na akitaka kuivua sitamkasirikia, ataendelea kuwa mpwa wangu na tutaangalia mpira wote. Sijui kama shabiki wa kweli anaruhusiwa kusema hivyo. Nilisema nikiwa namaanisha, na ilinigharimu.

Hakunijibu chochote. Akachukua mpira wake akatoka.

Juzi usiku niliichukua jezi yake nikaiweka mezani, nikatandika kitambaa chepesi juu ya ile namba iliyobanduka nikapitisha pasi polepole, nikabonyeza kona kwa kidole gumba mpaka ikashika. Upande mmoja haukushika vizuri. Nikaitundika mlangoni kwake, ya kwangu nikaitoa chini ya zile nguo nikaitundika pembeni yake.

Leo Jumamosi asubuhi nilikuwa namalizia kuandika haya nikasikia mlango wake. Hakuja mpaka nilipokaa, aliongelea hukohuko.

"Mjomba, leo tunacheza saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na moja.